Likizo Utalala Nyumba Yenye Taa

Mwanangu Saadia,

Salamu nimekupa asubuhi, na dua nitakupa kesho pale steji basi la Malindi likianza kunguruma, kwa hiyo humu usizitafute. Wala usitafute habari za kula vizuri, kufunga mlango na kutoazima watu nguo zako. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nimekaa mlangoni, kiti nimekielekeza nje, kwa sababu ndani hakuna taa na unajua vizuri kwa nini hakuna. Baba yako bado yuko na ng'ombe kule chini, atafika kesho mapema kukuaga. Wewe umekwenda kuaga wenzako. Nataka nimalize jua likiwa bado lipo, maana likizama sitaona ninachoandika, na kwenda kuandika kwenye mwanga wa mke mwenzangu, hilo sahau.

Nianze na kilichoniuma. Leo asubuhi ulipomaliza kufunga begi, ulitandika mkeka uani, katikati ya nyumba yangu na ya Mama Mdogo, ukamwaga vyombo vyako vya ufundi. Nilidhani unavichambua uvibebe. Ukasema chuoni vipo vya kutosha, hivi vinabaki nyumbani. Kisha ukachukua chuma cha kulehemu, kile chenye mpini wa buluu ambacho mimi ulinikataza hata kukigusa, ukampa Mama Mdogo. Risasi ya kuyeyusha nayo ukampa yeye. Mimi ukaniwekea mkononi kile kipimio chako: betri za tochi umezifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, waya mwekundu unatokea huku, mweusi kule.

"Mama, hii ni yako," ukasema.

Nikakitazama, kisha nikatazama chuma mkononi mwake. Chuma kinashika moto, kinayeyusha risasi, ni chombo cha fundi, mtu akikiona anajua hiki ni kitu. Changu mimi mtu akikiokota njiani atakitupa mtaroni. Nikauliza, kwa sauti niliyodhani ni ya kawaida, "Na taa yangu je? Si unaondoka kesho?"

"Hiyo mimi siigusi tena. Mtaitengeneza wenyewe. Na nikirudi likizo, nitalala nyumba yenye taa."

Ukacheka, na Mama Mdogo naye akacheka, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Mimi nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Basi nina wivu. Nimeliandika, lisome hivyo hivyo. Watu wa mtaa wanadhani ni Hawayu, Mama Mdogo wako, anayenionea wivu mimi, kwa sababu mimi nimejaliwa wewe na yeye Mungu hakumpa mtoto. Huninong'oneza nikienda kisimani, "Mwangalie sana huyo mwenzio." Nami huitikia kwa kichwa, kama mtu anayejihadhari. Hawajui kwamba jicho baya liko upande wa huku.

Ulikuwa na miaka saba alipokuja. Mimi ni mtu wa Kipini, wajua, baba yako alinikuta kule alipopeleka mbuzi kuuza. Nikaja naye Garsen nikakuta ni mwanamume anayezungumza na ng'ombe vizuri kuliko anavyozungumza na watu, nikampenda hivyo hivyo. Halafu akamleta Hawayu, Muorma mwenzake, wa ukoo wanaojuana. Sikupiga kelele. Nilikaa dirishani nikamtazama akijenga nyumba yake, maana kwao nyumba ni kazi ya mwanamke: anapinda fito, anazifunga, anazivika mikeka aliyoisuka kwa mkono wake. Na wewe ukatoka nyuma yangu ukaenda ukamshikia kamba. Hukuniomba ruhusa. Nilikuita, ukasema "nakuja", na hukuja mpaka nyumba ilipoisha.

Baba yako ni mtu wa haki, na haki yake imenitesa kuliko dhuluma, maana dhuluma ningeilalamikia. Akileta kanga analeta doti mbili. Sukari mifuko miwili, sabuni miche miwili. Akichinja, ini analikata katikati akiwa amefumba jicho moja, kama seremala anayepima ubao. Kosa langu, mwanangu, ni kwamba sikuwahi kupokea kitu nikakitazama chenyewe. Nilitazama cha kwake kwanza. Nimekula maini mengi mazuri bila kuyasikia ladha, akili yangu ikiwa kwenye kipande kilichoingia nyumba ya pili.

Stima ilipofika upande wetu ikawa vivyo hivyo. Baba yako akaleta balbu mbili kutoka katoni moja, hizi nyeupe za plastiki zisizokula umeme, moja kwangu na moja kwake, zikawashwa jioni moja. Kwangu mwanga uligonga mabati ukakaa hapo hapo. Kwake ulipenya kwenye matundu ya mikeka, nyumba nzima ikawa inavuja nuru pande zote, hata watoto wa jirani wakaja kusimama nje kuitazama. Balbu ni zile zile. Mimi nikaona yeye kapewa iliyo bora.

Na yangu ndiyo iliyoungua kwanza. Baba yako alikuwa mbali malishoni na mifugo, mvua zilikuwa zimekataa, na wewe mtihani ulikuwa mlangoni. Ukakusanya vitabu vyako ukavuka ua. Nilikaa hapa gizani nikiona vivuli vya vichwa viwili vikitembea kwenye mikeka. Ulikuwa unasoma, kisha unaacha kusoma unamtungia uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yake hayaoni vitu vidogo. Mlikuwa mkicheka kwa Kiorma, lugha ninayoisikia nusu hadi leo, na ile nusu nisiyoisikia niliijaza mwenyewe, kila neno nikalifanya la kunisema mimi.

Nilitaka urudi, ndiyo maana nikakuambia balbu iliyoungua hutengenezwa nyumbani. Mimi nilikulia kwenye balbu za kioo zenye waya mwembamba ndani. Ikiungua, marehemu baba yangu aliileta sikioni, akaitikisa taratibu, akaiinamisha huku na huku mpaka ncha mbili za waya uliokatika zikashikana. Akiirudisha iliwaka kwa ukali kuliko siku ilipotoka dukani, na sisi watoto tukapiga makofi. Siku chache tu, kisha ilikufa moja kwa moja. Nikakusimulia hayo, nikasema, "Itikise." Ukaitikisa kwa adabu, ukasema, "Mama, hii haina waya. Haitikisiki." Halafu ukakimbia ng'ambo ya ua kumsimulia Mama Mdogo, na nikasikia kicheko. Ile ilikuwa hadithi ya baba yangu. Nilikupa wewe, yeye sikumpa.

Lakini neno lilikuingia. Ukaanza kukaa kwa yule fundi wa redio na simu nyuma ya soko la mifugo, ukitoka shule unapitia huko, na siku moja ukaja ukaketi hapa mezani pangu, pangu mimi, ukaibandua ile kofia nyeupe ya balbu kwa ncha ya kisu. Ukanionyesha vidoti vya manjano vimekaa duara.

"Hivi vimeshikana mikono," ukasema. "Kimoja kikifa, stima inakwama hapo, vyote vinazima. Kwa hiyo balbu haijafa, Mama. Amekufa mmoja tu."

Ukakigusa kila kimoja kwa nyaya zako mbili, kikawaka kidogo, ukaenda kingine, mpaka ukakifikia kisichowaka. Kilikuwa na doa jeusi dogo kama mbegu ya mchicha. Ukakikwangua, ukadondosha tone la risasi mahali pake ili stima iruke, ukarudisha kofia. Ikawaka. Nilikukumbatia nikasahau kwamba nina mwenzangu.

Ukanionya nisiizoee. Ukasema vile vilivyobaki vinabeba mzigo wa yule aliyerukwa, vinachemka zaidi, na siku moja kingine kitafuata. Kimoja unaweza kukiruka, hata viwili, ukizidisha unajidanganya mwenyewe. Na kama kilichoungua ni kile kisahani cha chini kinachopokea umeme, hiyo ya kutupa. Niliyashika yote, ingawa ulidhani nasikiliza nusu. Na usiku ule nililala nikiwaza yule aliyerukwa, tone la risasi limekaa mahali pake na taa inawaka kana kwamba hakuwahi kuwepo, nikamuonea huruma kama ndugu yangu.

Kisha sifa zikaenea. Mtaa mzima ukakuletea balbu zake kwenye mifuko ya plastiki, na wewe ukahamishia kazi kwa Mama Mdogo kwa sababu nyumba ya mikeka ina ubaridi mchana na yangu ya mabati inachoma. Nilielewa sababu. Haikunisaidia. Watu wakija wanauliza, "Fundi yuko wapi?" na kuna mzee mmoja alijibu mbele yangu, "Yuko kwa mamake," akanyoosha kidole kule. Nawe ukatoka kule ukaitika.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Hili unalijua, ila hukunipa nafasi ya kulieleza. Niliibandua kofia kama nilivyokuona ukifanya, nikachukua sindano ya kushonea, nikakidunga kidoti kimoja, nikarudisha, nikakuita kwa sauti ya mtu aliyepatwa na msiba: "Saadia! Taa imekufa!" Ukaja mbio. Ukaketi mezani pangu. Nikakupikia mahamri, tukaongea mpaka chai ikapoa. Ulipoifungua ukaigeuza kuelekea dirishani.

"Mama, iliyoungua huwa na doa. Hii ina mkwaruzo."

"Mkwaruzo gani?"

"Umeidunga na nini?"

"Mimi? Niidunge kwa nini?"

"Na sindano iko hapa mezani, bana."

Ukaitengeneza, ukala mahamri yako, ukaniaga vizuri. Ningekuwa na aibu ningekomea hapo. Majuzi nikaidunga tena, maana siku zilikuwa zinakwisha na ulikuwa unazigawa kule zaidi. Mara hii hukuifungua hata. Uliitazama tu ikiwa juu pale, ukanitazama mimi, ukatoka. Na leo asubuhi ukagawa vyombo.

Utasema, si ninunue mpya. Balbu si ghali, wala duka si mbali. Leo baada ya wewe kutoka nilikwenda, nikasimama kaunta, nikaishika mkononi, muuzaji akaijaribu ikawaka vizuri. Nikairudisha. Nilifikiri hivi: ya Hawayu ni ile ile ya siku ya kwanza, kila ikizima unakwenda kuitengeneza wewe, ndani yake mna mkono wako. Nikiweka mpya, yeye atakuwa na taa aliyotengenezewa na mtoto, na mimi nitakuwa na taa ya dukani. Muuzaji akaniuliza, "Mama, ina kasoro?" Nikamwambia haina kasoro, nikarudi mikono mitupu. Angejua ninachowaza angenifukuza dukani kwake.

Nilipokuwa narudi ndipo nikafikiria kitu ambacho nimekaa nacho mchana kutwa. Mimi na mwenzangu tunaweza kumaliza siku nzima tusisemezane. Si kwa ugomvi. Hatukuwahi kuwa na haja, kwa sababu wewe ulikuwepo. "Mama anauliza kama umeona ungo wake." "Mama Mdogo anasema chumvi imekwisha." Umevuka ua huu tangu una miaka saba, huku na huku, na sikuwahi kuona kwamba unachoka. Mimi niliyekuwa najiona nimerukwa, sikuuliza nani anabeba. Huko uendako wakikuweka katikati ya watu wawili wasiosemezana, mwanangu, toka hapo upesi. Usifanye kama ulivyotufanyia sisi.

Jua limefika kwenye paa la msikiti. Sioni vizuri tena. Naacha kidogo.

Naendelea. Sasa nina mwanga, na nitakuambia mwanga huo umetoka wapi.

Nilisimama nikiwa nimekasirika, na hasira ndiyo iliyonivusha ua, si wema, usinipambe. Nilitaka nikamwombe hicho chuma nije nitengeneze mwenyewe, hata kama mikono yangu tangu ile homa haitulii na nikibeba kikombe kinalia kwenye sahani. Nikapanda kiti, nikaichomoa balbu yangu, nikaishika pamoja na takataka ulizoniachia. Nikabisha hodi.

"Karibu, Mama Saadia," akasema. "Saadia amesema wewe takuja."

Nilitaka kugeuka pale pale. Amesema nitakuja! Kwa hiyo mlinijadili. Lakini nikakiona kile chuma. Alikuwa amekiviringisha kwenye mtandio wake mzuri wa Idi na kukilaza kitandani kama mtoto mchanga. Hakuwa amekichomeka hata mara moja.

"Mbona hukitumii?" nikamuuliza.

"Mimi najua kuchoma. Saadia amefundisha mimi. Lakini wapi nachoma? Hii kitu ndogo, macho yangu hapana ona."

Akanyoosha mkono wake mbele yangu. Mkono wa mwanamke aliyefunga fito maisha yake yote, umetulia kama meza. Wangu ulikuwa unatetemesha balbu. Nikakaa chini. Nilikaa muda, Saadia, nikitazama betri zako na mpira wa baiskeli, na kile chuma kwenye mtandio. Asubuhi nilivipima viwili hivyo kama ninavyopima ini la mbuzi, nani kapata zaidi, na sikuona kwamba wewe hukugawa vitu viwili. Ulikikata kimoja. Sijui kama ulikusudia, au uligawa tu kwa mazoea, kama ulivyomuona baba yako akigawa kila kitu. Usiniambie.

Tukafanya kazi. Niliweka waya mwekundu huku na mweusi kule, na mikono ikitetemeka haidhuru, maana kugusa tu kunatosha. Kidoti cha kwanza kikawaka. Cha pili kikawaka. Nikazunguka duara, na kile nilichokijua mimi mwenyewe hakikuwaka.

"Hiki hapa."

Akanisogezea kidole, nikakiweka juu yake ili apajue mahali. Akapapasa kwa ukucha. Akapapasa tena.

"Hii hapana ungua," akasema. "Hii sindano."

Nikaziweka nyaya chini.

"Nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili aje kwangu."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaweka chuma chini asijichome. Nikaona ananicheka, damu ikanipanda. Akainuka, akainua mkono kwenye taa yake, akaizungusha kidogo kwenye holda. Nyumba ikawa giza. Akaizungusha tena, ikawaka.

"Wewe naharibu," akasema. "Mimi nalegeza tu. Nalegeza, naita Saadia, anakuja, anakaza, anakunywa chai."

Miaka yote hiyo! Mara ngapi ulitoka mezani pangu mbio kwa sababu taa ya Mama Mdogo imezima? Nilicheka, mwanangu, nilicheka mpaka nikalia, na usidhani wivu uliniisha. Uliongezeka. Hila yake ilikuwa safi kuliko yangu, na haikuharibu kitu. Lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Akaketi, akasema kama anayejiuliza mwenyewe:

"Kesho nalegeza, nani nakuja?"

 Mimi nimekuzaa, hata ukienda mwisho wa dunia mimi nitaitwa Mama Saadia. Yeye alikuwa na taa tu ya kulegeza. Nimeishi naye ua mmoja na leo ndiyo mara ya kwanza nimemuona akiwa na kitu kidogo kuliko changu, na sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi.

Akachomeka chuma. Nikamwelekeza, "Kulia kidogo, shuka, hapo hapo," akakwangua, akadondosha risasi. Tone likakaa nene, la kwako huwa jembamba, lakini likakaa. Tukaijaribu kwenye holda yake. Ikawaka. Tukasimama chini yake tumeinua vichwa, wanawake wazima wawili, kama hatujawahi kuona taa.

Yeye ndiye aliyekuja kuifunga huku, kwa kuwa ni mrefu na paa langu liko juu. Alivua viatu mlangoni. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho yeye kuingia humu, nimeshindwa. Nimempa chai na mahamri yaliyobaki, akakaa kitandani pangu akitazama mabati, akasema nyumba hii ina joto. Nikamwambia najua. Ameondoka sasa hivi.

Basi ukiulizwa habari za balbu huko chuoni, mwanangu, wewe utajibu kwa elimu yako. Mimi ninachojua ni kwamba balbu iliyoungua hutengenezeka nyumbani, ikiwa aliyekufa ni mmoja na si wote, na haitakuwa mpya, na hujui itadumu hadi lini. Yangu imerukwa mara tatu, mara mbili ni kwa sindano yangu. Kila jioni nikiwasha nitashika pumzi kidogo. Sijapona, nataka ulijue hilo usije ukawasimulia wenzako huko kwamba mama zako sasa ni marafiki. Nilipomuona ameketi kwenye kitanda ulichozaliwa juu yake nilitaka kumwambia ahame akae kwenye kiti. Sikumwambia. Hicho ndicho nilichokiweza leo.

Kesho tutakusindikiza wote. Yeye atakupa maziwa kwenye kibuyu chake kabla hujapanda basi, unywe mpaka mwisho, ni desturi ya kwao na ni ya kwako pia. Begi nitabeba mimi. Mikono itetemeke isitetemeke, begi ni langu, na hapo steji pasiwe na mjadala.

Likizo uje ulale huku, taa inawaka. Na ukipigiwa simu ukiwa huko, ukaambiwa ya Mama Mdogo imezima, usihangaike, mwanangu. Imelegezwa tu. Nitavuka ua nikaikaze mimi.

Ni mimi, mama yako wa kukuzaa.